Milango Niliyoitia Alama

Majengo, Thika
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Nisamehe kwa kukunyamazia miezi mitatu. Nimekuwa nikiitikia salamu zako, nikikuuliza kama umekula, nikikuagiza uniletee miwani, na mtu wa nje akitusikia angedhani tunazungumza. Mimi na wewe tunajua kwamba tangu ile Ijumaa sijakuambia neno. Sasa unafunga mizigo ya kwenda kazini Nakuru, chumba cha pili. Nasikia zipu ya mfuko wako na sauti ya mama yako akikuhesabia sweta, nami nimeketi sebuleni nikikuandikia barua kana kwamba umekwisha kuondoka. Ningeweza kuinuka nikaja kukuambia kwa mdomo. Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilikukuta unaimba nikarudi. Mara ya pili nilikuuliza kama umechukua kalamu.

Mambo ya blanketi, dawa na baridi ya Nakuru mama yako ameyamaliza. Siyarudii.

Nianze na swali lako, kwa kuwa nililiacha mezani pamoja na sahani. Siku ile ulikuwa umetoka Gatuanyaga, ambako shirika lililokuajiri liliwapeleka ninyi waajiriwa wapya kujifunza kuwahoji watu waliohama makwao kwa sababu ya fujo. Vumbi lilikuwa limekufika magotini. Ulinawa, ukaketi, ukasema:

"Baba, karani aliyepaka milango rangi kule shambani Ruiru alikuwa nani?"

"Kula kwanza."

"Mama Nekesa anamkumbuka. Anasema alikuwa mtu wa Majengo, anaongea Kiswahili kama redio."

Mama yako alicheka. Wewe ukasema polepole, "Sikumwambia chochote, Baba." Nikainuka nikaenda msikitini, ingawa wakati wa Isha ulikuwa bado.

Karani yule ni mimi. Nadhani ulikwisha kujua kabla ya kuuliza, na uliniuliza ili nipate nafasi ya kusema mwenyewe. Nafasi hiyo niliikataa. Leo naichukua, na nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili likielezwa vipandevipande linanipendelea.

Unajua kwamba sisi watu wa Majengo tukiulizwa kabila huwa tunasita. Babu yangu alifika hapa akiwa mpishi, akitokea upande wa Tanganyika. Bibi yangu alikuwa Mkikuyu aliyesilimu, na mama yangu alizaliwa na baba Mkamba. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani wa ofisi aliniuliza mara tatu, "Wewe ni mtu wa wapi?" nami nikamjibu mara tatu, "Wa Majengo." Mwishowe aliandika alichotaka yeye. Lakini kule shambani jambo hilo hilo ndilo lililonipandisha cheo. Meneja alipotafuta karani wa kusimamia ustawi wa wafanyakazi, mtu wa kusikiliza malalamiko na kuyamaliza kabla hayajafika ofisini kwake, alisema mbele ya watu: "Ramadhani hana kabila. Ataamua bila kupendelea." Kichwa kilinivimba. Nilitembea siku nzima nikilirudia neno lile moyoni.

Wafanyakazi wa shamba lile la kahawa waliishi katika laini, yaani safu mbili za nyumba za chumba kimoja kimoja, mlango ukitazamana na mlango. Nusu walikuwa wenyeji, Wakikuyu wa huku huku. Nusu walikuwa wametoka magharibi kufuata kazi. Walichanganyika, nyumba ya huyu kando ya nyumba ya yule, na wote walitegemea mfereji mmoja wa maji. Kwenye mfereji huo ndiko kazi yangu ilikokuwa. Nilikuwa nikikaa ofisini nikiwasikia:

"Kwani hii mfereji ilizaliwa kwenu?"

"Ehe, na nyinyi ndio mlikuja matanga yake, maana mkifika tu maji inakata."

"Songa hapo, mama. Debe yako imekaa kama chifu."

Walikuwa wakitukanana hivyo kila siku, wakicheka katikati ya matusi. Kisha asubuhi moja debe lilirushwa, mwanamke mmoja akapasuka paji la uso, na meneja akaniita. Aliniambia nitafute dawa.

Dawa niliipata kwa siku moja. Nilipanga kwamba watu wa magharibi wachote maji asubuhi, na wenyeji wachote jioni, ili wasikutane. Nilibandika ratiba kwenye ukuta wa ghala. Kwa kuwa wengi hawakuisoma, nilichukua rangi iliyobaki, nikapita mlango kwa mlango nikitia duara la buluu kwa kila mtu wa magharibi na duara jeupe kwa kila mwenyeji, usawa wa macho. Nilitumia kifuniko cha mkebe kama kipimo, ili maduara yote yalingane. Ulikuwa shule ya bweni wakati ule. Nilikuandikia barua nikakueleza kwamba nimemaliza ugomvi wa miaka mingi kwa kifuniko cha mkebe. Huenda unaikumbuka.

Na kweli ugomvi uliisha. Kwa miezi minane halikurushwa debe wala neno. Mameneja wa mashamba ya jirani walikuja kutazama milango yangu, na mmoja aliomba nakala ya ratiba. Nilikuwa nimepima amani kwa kuhesabu ugomvi, na hesabu ilikuwa sufuri.

Ambacho sikukiona ni hiki. Zamani mwanamke aliyemtukana mwenziwe asubuhi kwenye mfereji alimwendea jioni kumwomba chumvi, kwa kuwa hata yale matusi yalikuwa mazungumzo. Baada ya ratiba yangu hawakuwa na mahali pa kukutana. Walipishana bila neno, na mimi utulivu ule niliuandika katika ripoti ya mwezi kuwa mafanikio. Watoto walianza kuitana "buluu" na "nyeupe" wakicheza mpira. Nilisikia. Nikaona ni mchezo wa watoto.

Mtu mmoja tu alikuja kunikatalia, naye ni huyo Mama Nekesa wako. Jina lake ni Wanjiku. Mumewe ni Barasa, aliyekuwa mkataji wa matawi ya mibuni, mtu wa kanisa, shemasi wao. Hakupata kuonja pombe, na wenziwe walimtania kwamba hata soda huiuliza kwanza imetengenezwa na nini. Walikuja ofisini pamoja, yeye akiwa mbele na mumewe nyuma ameshika kofia.

"Karani, mimi nimezaliwa Gatanga, nimeolewa na huyu. Sasa mimi nachota saa ngapi?"

"Nyumba ni ya mumeo. Utachota asubuhi."

"Na wale wamama wa asubuhi wakiniambia niende kwa watu wangu jioni?"

"Utawaonyesha mlango wako."

"Na nikienda jioni?"

"Utakuwa umevunja ratiba."

Akasema, "Na wewe, karani, ungepakwa gani?"

Nilimjibu kwamba mimi siishi katika laini. Barasa akamgusa bega, akasema, "Wachana na yeye, Mama Nekesa. Karani anaandika." Kweli nilikuwa naandika. Niliandika katika daftari la malalamiko kwamba mke wa Barasa ni mkaidi.

Kisha siasa za vyama vingi zikarudi na uchaguzi ukakaribia. Unakumbuka Bonde la Ufa lilivyowaka. Watu waliofukuzwa huko walifika kwa jamaa zao katika laini wakiwa na magodoro na hasira, na baadhi yao walianza kuuliza kwa nini wao wamefukuzwa walikokuwa wageni, na huku wageni wengine wanalala salama. Barasa hakuwa amemfukuza mtu popote. Alikuwa akikata matawi ya mibuni.

Siku ya Alhamisi nyapara wetu, Njoroge, aliingia ofisini bila kubisha.

"Karani, toa hiyo rangi."

"Kwa nini?"

"Nimesikia maneno kwa klabu ya pombe. Kuna vijana si wa hapa. Wanauliza nani anakaa wapi, na wanaambiwa hakuna haja ya kuuliza."

"Agizo lilitolewa kwa maandishi, na litaondolewa kwa maandishi. Meneja anarudi Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali, mzee."

"Basi andika malalamiko yako, nitayapokea."

Njoroge alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Haya," akasema, "nitaandika na jembe." Akaenda zake.

Mkebe wa rangi ya kijani, ambayo ingeyafunika maduara yote, ulikuwa kabatini, hatua mbili kutoka kitini nilipoketi. Kazi ile ingenichukua mchana mmoja. Sitakudanganya kwamba sikumwamini Njoroge. Nilimwamini. Lakini nilikuwa mtu wa utaratibu, na milango ile ilikuwa sifa yangu, na nilijua wazi kwamba nikiifuta kwa maneno ya klabu meneja angeniuliza Jumatatu ni nani aliyeniruhusu. Niliogopa swali hilo kuliko niliyoambiwa.

Jumamosi nilikuja nyumbani kama kawaida. Usiku ule vijana wageni waliingia katika laini, wakavunja milango saba. Jumapili alfajiri Njoroge alikuja kunichukua kwa pikapu ya shamba. Tulifika Ruiru. Hapo akasema, huku akitazama barabara, "Hawakukosea hata mlango mmoja, karani. Kazi yako ni safi."

Barasa alikuwa amepelekwa hospitali. Alisimama mlangoni ili mkewe na mtoto wapate kutokea dirishani. Alipoteza jicho la kushoto, na vidole vya mkono wake wa kulia havijafunguka tena mpaka leo. Wale vijana walimwambia Wanjiku, kwa lugha ya mama yake, arudi kwao. Njoroge aliniambia kwamba aliwajibu kwa lugha hiyo hiyo kuwa yuko kwao.

Sasa nifike mahali ambapo Mama Nekesa hakukueleza, kwa kuwa hakuwapo. Alikuwa hospitali kando ya mumewe. Mimi nilifungua kabati, nikachukua mkebe wa kijani, nikaipaka milango yote, iliyo mizima na iliyovunjika, kabla polisi hawajafika. Watu walisimama wakinitazama. Hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenizuia. Polisi walipokuja walikuta laini zenye milango ya kijani, na rangi bado mbichi, wala hawakuuliza.

Meneja alipigiwa simu, akarudi mchana ule ule bila kungoja Jumatatu. Alisema, "Andika kwamba walevi walipigana. Siku hizi kila neno linakuzwa." Nikaandika. Ukurasa mmoja. Niliandika kwamba chanzo cha fujo kilikuwa pombe, na nikawataja waliohusika, na jina la kwanza lilikuwa la Barasa, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa zaidi na jina lake lingejitokeza hata kama nisingelitaja. Katika ukurasa ule hapakuwa na kosa moja la lugha. Mwalimu wangu wa zamani alituchapa kwa kila neno lisilopatana na mwenzake, nami nilikua nikiamini kwamba mtu anayeandika sentensi zilizonyooka hawezi kuwa mwongo.

Kwa karatasi ile Barasa alifukuzwa kazi akiwa bado kitandani. Nakala ilifika kanisani kwao, sijui kwa mkono wa nani, na wazee wa kanisa wakamwomba auache ushemasi mpaka jambo lichunguzwe. Hakuna aliyechunguza. Ndipo akahamia Gatuanyaga na mkewe, kwenye kishamba cha kukodi, kufuga mbuzi. Mimi niliendelea na kazi miaka miwili, nikastaafu kwa heshima, na baada ya hapo majirani wakaanza kuniletea ugomvi wao niupatanishe. Nimewapatanisha wengi katika sebule hii. Wewe umekua ukiniona nikifanya hivyo, na nadhani ndipo ulipoipendea kazi unayokwenda kuifanya. Hilo limenisumbua kuliko yote niliyokwisha kuyaandika.

Uliporudi kutoka usaili ulituambia alivyosema mkuu wako: "Mtu kama wewe, asiye na upande, ndiye tunayemtafuta." Ulilileta neno hilo nyumbani kwa furaha. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Lilikuwa neno langu, Zuhura, karibu herufi kwa herufi. Nilidhani kutokuwa na upande ni kuziona pande zote. Kwangu mimi ilikuwa ni kusimama mahali ambapo matokeo ya kazi yangu yasingenifikia. Mlango wangu haukuwa na duara.

Mwezi uliopita ulinionyesha fomu ya shirika ya kuandikisha familia, uliyosaidia kuitayarisha, ukaniomba nikague lugha. Nilikusahihishia nukta na herufi kubwa, nikakurudishia. Kuna safu ya kabila katika fomu ile. Niliiona kabla ya kitu kingine chochote, nikanyamaza, kwa sababu ningeisema ungeniuliza hatari yake nimeijuaje. Sijui kama ni kosa kuwa nayo. Huenda huwezi kumlinda mtu usiyejua anatishwa kwa lipi. Lakini fikiria fomu hizo ziko mikononi mwa mtu usiyempenda, siku ambayo wewe hupo, kisha uamue utaandika nini na utaiweka wapi. Na mtu unayemwandika akikuuliza wewe ungeandikwa nini, usimjibu kwamba wewe huishi pale. Mjibu. Hata kama jibu litakuchukua muda, kama linavyotuchukua sisi wa Majengo.

Jambo jingine, ambalo nilijifunza kwa Njoroge na nikaijua thamani yake nilipokwisha kulipoteza. Utakuwa na watu watakaokuja kwako bila kubisha, wenye maneno ya klabuni, yasiyo na sahihi wala tarehe. Ofisi yako itakufundisha kungoja yathibitishwe. Huenda ofisi ina haki mara nyingi. Lakini jiulize kila mara kungoja huko ni kwa ajili ya usalama wa nani. Mimi kungoja kwangu kulikuwa kwa ajili ya Jumatatu yangu.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu leo na si mwakani.

Juzi uliacha mezani rasimu ya ripoti yako ya Gatuanyaga. Sijui kama ulisahau au ulikusudia. Nimeisoma. Umeiandika vizuri. Nimemsikia Wanjiku ndani yake, na nimemwona Barasa akiwafungua mbuzi kwa mkono mmoja. Ulipofika usiku ule umeandika: "Washambuliaji walizitambua nyumba za waliowalenga." Kisha umeruka ukaenda kwenye hospitali. Hukusema walizitambuaje. Alikuambia, na hata mimi uliniambia kwamba alikuambia. Umeacha kwa ajili yangu.

Nimeitazama sentensi ile kwa siku mbili. Haina uongo ndani yake. Ni sentensi ya karani mzuri. Nami nakujua, ungekuwa mvivu ningesema umechoka, lakini wewe si mvivu. Umeanza kazi yako ya kwanza kwa kumfichia baba yako, na utakayemfichia wa pili utamwona mwepesi zaidi.

Iandike milango. Andika duara la buluu na jeupe, andika ni kwa nini yalitiwa, andika kwamba aliyeyatia alionywa siku mbili kabla akadai maandishi, na kwamba aliipaka milango upya kabla polisi hawajafika. Andika jina langu. Mwanamke yule alikueleza ukweli akiamini kwamba utaufikisha, na mumewe anaitwa mlevi mpaka leo kwa sababu karani wa kwanza hakuufikisha.

Najua linalofuata. Jina langu ndilo jina lako la mwisho, na mkuu wako atalisoma. Anaweza kusema kwamba binti wa mtu yule hawezi kutumwa kwa watu kama wale. Anaweza kukurudisha Thika kabla mwezi haujaisha, na kazi uliyoihangaikia miaka miwili, ukiandika maombi kwenye meza hii hii, ikaishia hapo. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo, kabla hajasoma. Kwa miezi mitatu nimejiambia kwamba nimenyamaza ili nisikuharibie. Si kweli, au si kweli yote. Niliogopa pia kwamba watu wanaoketi sebuleni kwangu wangeacha kuja. Sikuamuru. Umekwisha kutoka mikononi mwangu, na kesho asubuhi utakuwa umetoka hata machoni. Nakuomba, na unajua mwenyewe ni mara ngapi nimewahi kukuomba kitu.

Mama yako nimemwambia leo mchana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga aliyokuwa ameishika, akasema, "Shati lako la siku ile nililitupa. Mlango wa ghala lenu ulikuwa mwekundu, Baba Zuhura, hata mimi nilikwisha kufika huko." Siku ile aliniuliza rangi ya kijani kwenye shati imetoka wapi, nikamdanganya kwamba nilikuwa nikipaka mlango wa ghala, naye akaacha uongo ule ukae miaka yote hii ili nisiaibike. Kisha akaenda kukuhesabia sweta.

Kwa upande wangu, asubuhi nimeiandika upya ile ripoti. Ina kurasa tatu, na jina la Barasa limo kama jina la mtu aliyesimama mlangoni. Jumatano nitakwenda Gatuanyaga. Njoroge amekubali kunipeleka, nilimkuta sokoni nikamweleza, akasema, "Sasa ndio umeandika, karani? Mimi nilidhani uliishiwa wino." Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama ningependa akae nami au aningoje nje. Nimemwambia akae.

Mwanzo nilipanga kuipeleka ripoti kwa chifu na kwa wazee wa kanisa lake, kisha nimwendee Barasa nikiwa nimekwisha kumsafishia jina. Bahasha mbili nilikwisha kuziandika anwani. Nilipokuwa nikizifunga ndipo nilipoona kwamba nampangia tena. Pengine majirani zake wa Gatuanyaga hawajui lolote, na barua zangu zitawaletea habari ambayo yeye hakutaka iwafikie. Pengine anataka isomwe kanisani mbele ya watu wote, nami nikiwa nimesimama. Pengine hataki kuniona. Bahasha nimezichana. Nitawasomea kurasa zote tatu, yeye na mkewe pamoja, kisha nitawaachia wao. Sitabaki na nakala, na kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo. Wakiniuliza ningeshauri nini, sitashauri.

Hawatalazimika kunijibu siku ile. Watakapoamua, iwe ni baada ya siku mbili au baada ya mvua, nitakuandikia siku hiyo hiyo walichoamua, kwa maneno yao wenyewe, bila kunyoosha hata moja.

Baba yako,
Ramadhani